Kikapu cha Magunzi

"Wamecheka mpaka yule fundi cherehani akajifunika uso na kanga," Emilian alisema. "Nilikuwa mlangoni pale ukumbini. Nimesikia mwanzo mpaka mwisho."

"Sasa hadithi ya kuchekesha, ulitaka walie?"

"Ile si hadithi, Mama Shukrani."

Dafrosa aliacha kupanga chupa za dawa ya kikohozi. Tangu wafahamiane, Emilian alikuwa hajawahi kumwita Mama Shukrani. Alikuwa "mke wangu" sokoni, "mke wangu" nje ya kanisa, "mke wangu" mbele ya wateja, na mtaa mzima wa Kanyenye ulishazoea. Yeye Mluguru wa Matombo, Dafrosa Mnyamwezi wa Puge. Ni watani tangu enzi za wapagazi. Mtani ana ruhusa ya kukuoa kila asubuhi na kukuacha kila jioni, na hakuna anayegeuka kutazama.

"Kama si hadithi ni nini?"

"Ni posa yangu."

Dafrosa alicheka. Kilitoka kicheko kidogo, kile cha mtu aliyejikwaa akajifanya alikuwa anakimbia.

"Mtani, acha."

"Usiniite mtani."

"Nikuite nani? Mluguru ni mtani wangu tangu babu yako alipomwibia babu yangu maboga pale mlimani, akasema yameviringika yenyewe."

"Unaona?" Emilian aliweka mikono yote miwili juu ya kaunta. Ilikuwa mikono ya seremala, yenye vumbi la mbao kwenye kucha. "Unaona sasa? Ndicho hicho ninachokisema."

Mlango ulisukumwa. Aliingia mama mmoja amebeba mtoto mgongoni.

"Hodi humu. Dawa ya minyoo, mama."

"Ya umri gani?"

"Huyu huyu. Ametimiza miwili juzi."

"Kimoja. Atafune, asimeze kizima. Usimpe akiwa na homa. Ana homa?"

"Hana."

"Haya."

Mama yule alipokea dawa yake. Alimtazama Emilian, akamtazama Dafrosa, akatabasamu. "Shemeji leo umenuna? Mkeo hajakupikia?"

Dafrosa alirudi kwenye chupa zake. Tabasamu lilimtoka usoni, akarekebisha mbeleko, akatoka haraka.

"Mzee Anton," Emilian alisema kwa sauti ya chini, "ni mtu mzima. Magoti yanamsumbua, wewe mwenyewe ndiye unayempa dawa. Nilimwomba awe mshenga wangu, akavaa koti lake la kanisani, akapanda basi mpaka Puge kwa kaka yako. Akapiga hodi, akakaa, akasema maneno niliyomtuma. Kaka yako akacheka. Wifi yako akaingia ndani, akatoka na kikapu kimefunikwa kitambaa cheupe. Wakamwambia, 'Jibu letu hilo, mpelekee bwana harusi.' Mzee amekipakata kile kikapu njia nzima. Hakukiweka chini hata walipomwambia kuna nafasi. Alidhani amebeba jibu."

Dafrosa aliijua habari hiyo. Kaka yake Raymundi alimpigia simu jioni ile ile, hoi kwa kicheko. "Watani zako wamekuja kukuposa, tumewafungashia magunzi!" Magunzi ya mahindi, yaliyokwisha pukuchuliwa, hayaliwi na mtu wala ng'ombe. Dafrosa naye alicheka. Kisha akakaa akaiandika, na leo mchana akaisoma mbele ya darasa la uandishi, pamoja na koti la Mzee Anton na kitambaa cheupe. Ndiyo ilikuwa hadithi yake ya kwanza kupigiwa makofi.

"Ningejuaje?" alisema. "Wewe hunioi kila siku? Sokoni unanioa. Kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani ulinioa. Kwenye msiba wa mume wangu ulinioa!"

"Msibani nilifanya kazi ya mtani. Safari hii nilimtuma mzee. Nani anamtuma mzee mwenye magoti mabovu mpaka Puge kwa mzaha?"

"Basi kama ni kweli, sema. Sema sasa hivi."

Emilian alimtazama. Macho yake yalikuwa na wekundu kidogo, na Dafrosa, ambaye kazi yake ni kuwatazama watu machoni na kuwauliza wanaumwa nini, aliangalia pembeni.

"Nilishasema," Emilian alijibu. "Nikajibiwa. Na leo nimekusikia ukilitafutia makofi jibu lenyewe."

Alitoka. Pale barazani palikuwa na kigoda cha mninga alichokichonga mwenyewe, alichokalia kila jioni akisubiri Dafrosa afunge duka. Alikiinua, akakitia kwapani, akavuka barabara bila kugeuka.

Ukutani pakabaki alama ya mgongo wake.

* * *

Hata mwaka ule mumewe Valentino alipofariki, nyumba haikuwa kimya namna hii. Shukrani alikuwepo, na binti anayekua ana kelele za kutosha. Lakini sasa Shukrani alikuwa Mwanza chuoni, anasomea uuguzi, na simu zake zilikuwa fupi.

"Mama umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chakula. Wewe soma."

Hakuwa amekula. Kupika sufuria nzima kwa mtu mmoja ilikuwa kazi ya kijinga, na Dafrosa hakupenda kazi za kijinga. Alikunywa chai na michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, akaosha kikombe kimoja, akakifunika. Kikombe kimoja kwenye kichanja kinaonekana kama kimesahauliwa na wageni.

Ndiyo sababu alianza kuandika. Si kwamba alikuwa na kipaji. Kwenye ukumbi wa parokia palibandikwa tangazo kwamba Mwalimu Josepha, aliyestaafu, atafundisha uandishi wa hadithi kila Jumamosi, wanaoanza kabisa wanakaribishwa. Emilian ndiye aliyelisoma kwa sauti. "Mke wangu, nenda. Wewe una maneno mengi, unayamalizia kwa wagonjwa." Akaenda. Alitaka tu mahali pa kukaa ambapo watu wanaongea.

Hadithi yake ya kwanza ilikuwa hivi: "Mwanamke aliamka saa kumi na mbili. Alifagia. Alikula kabla ya kwenda kazini. Jioni alirudi. Alikula tena." Mwalimu Josepha alivua miwani.

"Dafrosa, hii ni hadithi au ni dozi?"

Darasa lilicheka. Dafrosa, mwenye diploma ya famasia na miaka mingi ya kuandika kutwa mara tatu, alihisi masikio yakimuwaka. Lakini aliona kitu kingine pia. Watu wakicheka, chumba kinapata joto. Basi wiki zilizofuata aliwachekesha. Aliandika utani, na utani ulimjia kwa urahisi, kwa sababu alikuwa na mtu wa kumfundisha kila jioni, ameketi kwenye kigoda.

Sasa kigoda hakipo. Jumatatu alifunga duka mapema. Jumanne aliacha mlango wazi mpaka giza lilipoingia, akijiambia anasubiri wateja. Jumatano aliota mazishi.

Si ndoto mpya. Lilikuwa kaburi la Valentino, pale Puge, na watu wa Puge wamesimama kimya juani. Valentino alifuga nyuki, na Emilian ndiye aliyemtengenezea mizinga, akawa rafiki yake. Siku ile hapakuwa na mtani mwingine wa karibu, hivyo kazi ilimwangukia yeye. Jeneza lilipofika, waliona mtu amelala kaburini ndani ya shati jeupe, mikono kifuani.

"Toka huko!" wazee walimpigia kelele.

"Sitoki. Nafasi nzuri, hakuna kodi. Valentino atafute kwake."

"Toka, tuzike!"

"Sitoki mpaka mjane acheke. Na akicheka namwoa hapa hapa, sitaki hata mahari. Wanyamwezi mahari yao ni michembe tu!"

Dafrosa alikuwa hajala wala hajafumba macho tangu hospitali. Alimwona mtu mzima, vumbi jekundu limemjaa shati zima, anafukuza nzi wa kufikirika kwa kofia. Akacheka. Kicheko kilitoka kwa nguvu mpaka kikageuka kilio, na kilio kile ndicho kilichomwokoa, kwa sababu mpaka pale alikuwa ameshindwa kulia. Emilian alipanda juu taratibu, akajikung'uta, akachukua sepetu pamoja na wengine. Alifukia mpaka mwisho.

Dafrosa aliamka akiwa ameshika mto. Upande wa pili wa kitanda ulikuwa baridi kama kawaida.

* * *

Jumamosi iliyofuata hakuwa na kitu cha kusoma. Alikaa nyuma. Fundi cherehani alimgeukia.

"Dada Dafrosa, leo hutuchekeshi? Yule mzee wa kikapu aliishia wapi?"

"Aliishia nyumbani kwake."

Darasa lilipokwisha, Mwalimu Josepha alimfanyia ishara abaki. Alikuwa mama mwembamba, mvi zimesukwa vizuri, na alikuwa na tabia ya kusema jambo huku akifunga madirisha.

"Hadithi yako ya kikapu niliipenda," alisema. "Ina watu, ina basi, ina mlango wa kweli. Umeanza kuona vitu. Lakini ina uongo."

"Uongo gani, mwalimu? Habari yenyewe imetokea."

"Kutokea imetokea. Mwisho wake, yule mwanaume anafungua kikapu, na wewe ukaandika, 'Akaanguka kifudifudi kama gunia la mihogo.' Watu wakacheka. Ulimwona akianguka?"

"Hapana."

"Kila mtu wako akikaribia kusema kitu, unamletea kichekesho. Mara ya kwanza nilidhani ni kipaji. Mara ya tatu nikajua ni woga." Alifunga dirisha la mwisho. "Waandishi wengi wanaoanza wana mlango mmoja wa kutorokea kila mara. Mwingine analiza, mwingine anahubiri. Wewe unachekesha. Nenda kaandike upya mahali pale pale. Uanze alipokipokea kikapu. Usiweke kichekesho hata kimoja."

"Nikishindwa?"

"Ukishindwa utajua umeshindwa wapi. Mtu akikwambia anaumwa, humuulizi wapi?"

Jumapili baada ya misa Dafrosa alikaa mezani, mlango wazi, jua la mchana limelala sakafuni. Aliandika polepole. Mzee Anton anashuka basi. Mzee Anton anakiweka kikapu mezani kwa mikono miwili, kama mtu anayeweka sadaka. Mwanaume anamshukuru. Mwanaume anashika pindo la kitambaa cheupe. Anakifunua, na

Kalamu ilisimama.

Aliandika, "anacheka." Akafuta. Aliandika, "anakasirika." Akafuta. Aliona mikono ya Emilian vizuri kabisa, vumbi la mbao kwenye kucha, pindo la kitambaa kati ya vidole. Lakini uso hakuuona. Alikuwa ameandika habari ya mwanaume huyu mara mbili, akaisoma mbele ya watu, na hajawahi kumuuliza alifanya nini.

Alikunja karatasi, akavaa viatu, akatoka. Hakufunga hata dirisha.

* * *

Karakana ya Emilian ilikuwa nje ya mji, kwenye barabara ya Kipalapala, kibanda cha mabati chini ya mgunga, na mizinga mipya imepangwa mbele kama nyumba ndogondogo zisizo na watu. Harufu ya nta ilimpokea kabla hajafika. Emilian alikuwa peke yake, anapiga randa. Aliinua uso, akaendelea.

"Jumapili unafanya kazi?" Dafrosa alimuuliza.

"Mbao hazijui Jumapili. Karibu."

Hakukuwa na "mke wangu". Dafrosa alisubiri, halikuja.

"Nimekuja kuuliza kitu."

"Duka limeishiwa dawa?"

"Ulipofunua kile kitambaa. Ulifanya nini?"

Randa ilisimama.

"Ni kwa ajili ya darasa?" Emilian aliuliza.

"Ilikuwa kwa ajili ya darasa. Nimefika pale nikashindwa. Sioni uso wako. Nimekujua miaka yote hii, nakuandika kutwa, nikifika usoni naona kofia tu." Alisikia sauti yake ikipanda, akaishusha. "Niambie."

Emilian aliweka randa chini. Aliketi juu ya mzinga, akamsogezea kigoda kwa mguu. Kigoda kile kile. Dafrosa alikikalia.

"Nilikuwa nimefagia," alisema. "Hapa. Nilitandika kitambaa mezani. Niliwaita majirani, kama tunavyofanya kwetu, jibu la posa mtu halipokei peke yake kama mwizi. Niliwaambia ni ya kweli. Mmoja akasema, 'Utani huo.' Nikamwambia, 'Kaa uone.' Mzee Anton akaja, akaweka kikapu mezani. Nilinawa mikono kwanza. Sijui kwa nini nilinawa."

"Halafu?"

"Halafu nikafunua."

Nje, mbuzi wa mtu walipita wakijikwangua kwenye mizinga. Emilian alisubiri wapite.

"Wakacheka wote. Walicheka vizuri tu, bila ubaya. Na mimi nikacheka. Nilicheka kuliko wao. Nikachukua gunzi moja nikajifanya natafuna. Ningefanya nini, Dafrosa? Mtani hana ruhusa ya kulia. Ndiyo sheria yetu. Unaweza kulala kaburini kwa watu, unaweza kuwaita wezi, unaweza kuwaoa mama zao, mradi usikasirike na usilie. Wakaondoka wakisema, 'Emilian kiboko.' Mzee Anton hakucheka. Alikunja koti lake akaniambia, 'Mwanangu, nisamehe, sikujua nimebeba nini.'"

Dafrosa alitazama mikono yake mwenyewe.

"Na baadaye?"

"Baadaye nilikaa hapa ulipokaa."

Hakumwambia kama alilia. Hakuhitaji. Sasa Dafrosa aliuona uso, mzima, bila kofia, na aliona pia kwa nini hakuwahi kuutazama. Tangu siku ya kaburi, kicheko cha mtu huyu kilikuwa ukuta wa nyumba yake. Aliuegemea. Hakutaka kujua kama nyuma ya ukuta kuna mtu anayeona baridi vilevile.

"Yako wapi?" aliuliza.

"Nini?"

"Magunzi."

Emilian aliashiria chini ya meza. Kikapu kilikuwa pale, kitambaa kimekunjwa vizuri juu yake. "Nilitaka kuyatupa. Kila nikiyashika..."

Dafrosa alitoa simu, akabonyeza jina la Raymundi, akaweka sauti ya nje, akailaza juu ya mzinga.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba! Mama Shukrani, habari za huko? Watani hawajaleta ng'ombe?" Raymundi alikwisha anza kucheka.

"Kaka, ile posa ni ya kweli."

"Ipi?"

"Ya Emilian. Mzee Anton hakuja kutania. Alitumwa."

Kicheko kilijaa karakana. "Mama watoto!" Raymundi alimwita mkewe kule nyumbani, "njoo usikie, wifi yako naye ameingia kwenye mchezo! Amekufundisha nini huyo Mluguru?"

"Kaka, nisikilize."

"Nasikiliza, bibi harusi, endelea!"

Emilian alitikisa kichwa. Macho yake yalisema, umeona? Ndivyo ilivyo.

Dafrosa alivuta pumzi. Kisha akaacha Kiswahili. Alimwambia kwa Kinyamwezi, kile cha jikoni kwa marehemu mama yao, polepole, neno moja moja. Kwa watani hawakuwahi kukitumia, kwa kuwa mtani asipoelewa, mzaha unapotea bure. Kwa Kinyamwezi walikuwa wanaambiana mtu akiugua, mtu akifa, mvua ikikataa.

Kicheko cha Raymundi kilikatika. Kule Puge jogoo aliwika.

"Unasema kweli," Raymundi alisema hatimaye, naye kwa Kinyamwezi, kisha akarudi kwenye Kiswahili kana kwamba kilikuwa na nafasi zaidi ya kukasirika. "Dafrosa! Mtu aliyelala kaburini kwa shemeji yangu?"

"Huyo huyo."

"Watu wa Puge walimwona kwa macho yao. Watasema alikuwa anakungoja tangu mle shimoni. Watasema alikuwa anapima nafasi."

"Waseme. Hawalali kwangu."

"Usinijibu kihuni. Mimi ndiye niliyebaki mahali pa baba. Na ukoo wa marehemu? Nitawatazama vipi?"

"Utawaambia kwamba mume wangu alikufa, mimi sikufa. Utawaambia nakula michembe kila usiku kwa kikombe kimoja. Utawaambia mtu pekee aliyenifanya nilie siku ile ni huyo, wao walinishika mikono tu. Ukishindwa, nipe namba zao niwaambie mwenyewe."

"Kwa hiyo umeshaamua. Unanipigia kunijulisha."

"Ndiyo."

Raymundi alipumua kwa nguvu kwenye simu. "Haiwezekani hivyo. Posa ilikuja, ukoo ukajibu. Jibu tulikwisha toa, na analo hapo kwake, kikapu kizima. Mtu hajibiwi mara mbili kwa posa moja."

"Hilo ndilo jibu lenu?"

"Ndilo."

"Subiri hapo hapo. Usikate."

Dafrosa aliinama, akakivuta kikapu kutoka chini ya meza. Pembeni mwa karakana palikuwa na mafiga matatu ambapo Emilian huyeyushia nta, na majivu yake bado yalikuwa na moto chini. Alichutama. Akapuliza mpaka jicho jekundu likafunguka. Akaweka gunzi la kwanza, akaweka la pili, akayapanga kama anavyopanga mtu aliyekulia Puge, yasibanane, hewa ipite. Magunzi makavu hayahitaji kubembelezwa. Yalishika mara moja.

Alichukua simu, akaisogeza karibu na moto. Magunzi yalikuwa yanapasuka, tatata, tatata.

"Kaka, unasikia?"

"Nini hiyo?"

"Jibu lenu. Linaungua."

"Dafrosa!"

"Ukiwa tayari na lingine, Mzee Anton atarudi. Safari hii utamkalisha kwenye kiti chenye mto, magoti yake mabovu. Na utamwomba radhi kabla hajafungua mdomo. Kikapu nitamletea wifi mwenyewe. Ni kizuri, asifikiri nimekiiba."

Kisha, kwa mbali, sauti ya mwanamke ilisikika kule Puge: "Si nilikwambia? Yule mzee alivaa koti. Nilikwambia mtu wa utani havai koti."

"Nyamaza wewe," Raymundi alimwambia mkewe, lakini sauti ilikuwa imeshuka. "Dafrosa. Huyo mtu yupo hapo?"

"Yupo."

"Anasikia?"

"Anasikia."

Raymundi alikohoa. "Mwambie... mwambie nitamsubiri mzee wake." Akakata.

Dafrosa alirudisha simu mfukoni. Hakuthubutu kugeuka upesi. Alimwaga kikapu chote karibu na mafiga, akachagua gunzi jingine, akaliweka. Alipogeuka, Emilian alikuwa amesimama, mikono imening'inia, na machozi yalikuwa yanashuka tu bila yeye kuyafanyia lolote. Hakujifuta wala hakusema neno la kuchekesha.

Dafrosa alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, kama alivyotakiwa kutazama tangu mwanzo.

"Na hadithi yako?" Emilian aliuliza. "Utaandika nilikuwa nalia?"

"Hadithi itasubiri. Nina moto unawaka bure." Alinyanyua birika jeusi lililokuwa ukutani, akalitikisa, akasikia maji. Akaliweka juu ya mafiga. "Vikombe unavyo viwili?"

"Ninavyo."

"Sukari?"

"Sina. Nina asali."

"Lete," Dafrosa alisema, akaongeza gunzi.